Kengele na Jicho la Mwalimu

Siku ya Jumapili, tarehe 15 Machi 2020, siku mbili tu baada ya kutangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya, Rais Uhuru Kenyatta aliamrisha skuli zote zifungwe; za kutwa zikafungwa kesho yake, za bweni zikapewa muhula hadi Jumatano, na vyuo vikuu hadi Ijumaa. Hapa Mombasa watoto waliipokea amri ile kwa furaha, kama likizo iliyokuja kabla ya wakati wake, nao wazazi wakaihesabu kwa majuma, kwani hapana aliyedhani kuwa wengi wa watoto wale hawatakalia tena dawati hadi tarehe 4 Januari ya mwaka uliofuata. Mimi niliyesomesha madarasa ya juu ya msingi, yaani la sita, la saba na la nane, kwa miaka mingi kabla ya kuingia katika kazi ya kuwafunza walimu, nilijaaliwa katika miezi ile kulitazama kwa karibu jambo ambalo hapo kabla nililijua zaidi kwa kulisoma vitabuni. Nami nataka kulieleza hapa, kwa kuwa wazazi wengi waliopita katika mtihani ule wangali wanajilaumu, au wanawalaumu watoto wao, kwa kosa ambalo kwa hakika halikuwa la yeyote kati yao.

Mtoto wa miaka 11 hadi 14 yuko kizingitini. Mdogo wake wa darasa la kwanza, akisomeshwa nyumbani, hukaa ubavuni mwa mamaye, akashikwa mkono akaandika herufi, wala haoni haya. Na kaka yake wa kidato cha tatu, akipewa kitabu na sababu ya kukisoma, aghalabu huweza kujifungia chumbani akasoma peke yake saa mbili. Huyu wa katikati amekwisha kukataa kushikwa mkono, ilhali ule uwezo wa kujishika mwenyewe bado haujamfikia. Wataalamu wa ubongo wametuonyesha kwamba ile sehemu iliyo nyuma ya paji la uso, ambayo kazi yake ni kupanga mambo kabla ya kuyatenda, kuzuia tamaa, kukadiria muda na kuanza shughuli pasipo kuamrishwa, ndiyo inayochelewa kukomaa kuliko zote, hata mtu akapita miaka 20 nayo ingali inajengeka. Ambapo sehemu zinazohusika na hisia, na shauku ya mambo mapya, na kiu ya kukubaliwa na wenzake, huamka kwa nguvu mara tu baleghe inapoingia. Fauka ya hayo, katika umri huo mwili wenyewe hubadili saa zake: homoni iitwayo melatonini, iletayo usingizi, huanza kutoka usiku zaidi kuliko ilivyokuwa utotoni, na kwa hivyo kijana anayekesha na kuamka kwa taabu si lazima awe mvivu, kwani usingizi wake umesogezwa mbele na maumbile.

Kwa nini basi mtoto huyu huyu, akiwa skuli, husoma masomo saba kwa siku bila ya kuonekana kushindwa? Jawabu ni kwamba skuli humwazima ule uongozi asiokuwa nao bado. Kengele humwambia aanze, na humwambia aache; daftari la Hisabati hufungwa wakati daftari la Sayansi linafunguliwa, apende asipende; wenzake 40 wakiinamisha vichwa, naye huinamisha chake; na mwalimu apitaye baina ya madawati, hata asiposema neno, huwarejesha darasani kwa jicho tu wale ambao fikra zao zimekwenda kucheza mpira. Tulizoea kuyaona mambo haya kuwa ni nidhamu, au ni desturi zilizorithiwa tangu enzi za ukoloni, tukasahau kuwa ni sehemu ya ufundishaji kama ulivyo ubao na chaki. Skuli zilipofungwa, serikali na walimu walijitahidi kwa haki kuyapeleka masomo nyumbani, na masomo yakafika. Lakini kengele na jicho havikupelekwa, kwa kuwa hapana aliyevihesabu.

Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya ilikuwa na vipindi vyake vya redio na televisheni tangu zamani, na katika majira yale ikavizidisha: vya redio vikarushwa na shirika la utangazaji la taifa, vya televisheni vikaonyeshwa katika idhaa maalumu ya elimu, na vyote vikawekwa katika intaneti kwa mwenye njia ya kuvifikia. Nilivisikiliza vingi kwa makini. Walimu waliochaguliwa walikuwa hodari, lugha yao safi, na maelezo yao yamepangika. Lakini redio ina tabia yake, nayo ni kwamba neno likishatoka halirudi, na mwalimu wa redio hawezi kumwona mtoto wa Kisauni aliyekunja uso kwa sababu hakufahamu namna sehemu mbili zenye asili tofauti zinavyojumlishwa.

Jambo hili si geni duniani, wala halikuanza na korona. Mwezi wa Septemba 1937, mji wa Chicago ulipokumbwa na maradhi ya polio na skuli zikashindwa kufunguliwa, watoto takriban 315,000 wa darasa la 3 hadi la 8 walisomeshwa kwa redio, kwa vipindi vya robo saa, huku ratiba na maswali yakichapwa katika magazeti ya mji. Lililonivutia mimi katika habari ile ni kuwa waliwekwa walimu kwenye simu ili kupokea maulizo ya wazazi, na siku ya kwanza ziliingia simu zaidi ya 1,000, ikalazimu walimu waongezwe. Watu wa Chicago walitambua siku ile ile ya kwanza kwamba sauti inayokwenda bila ya sauti inayorudi ni nusu ya somo. Kwetu, simu zimejaa mifukoni kuliko zilivyokuwa kwao, lakini aghalabu zilitumika kumpelekea mtoto kazi nyingine juu ya kazi, picha za kurasa zikifuatana katika kundi la WhatsApp la darasa, hata mama akifungua simu usiku akakuta kurasa 30 asijue aanzie wapi.

Dada yangu anakaa Mji wa Kale, katika nyumba ya ghorofa iliyo na watu tisa na simu mbili za kisasa, moja ikiwa ni ya shemeji ambaye hutoka nayo kazini. Mwanawe alikuwa darasa la saba. Majuma mawili ya mwanzo alisoma kwa raghba, na daftari lake lilikuwa na tarehe juu ya kila ukurasa. Juma la tatu tarehe zikaanza kuruka. Na ilipoingia Ramadhani, mwishoni mwa Aprili, mchana ukageuka usiku na usiku mchana, daftari likabakia jeupe. Kisha tarehe 6 Mei Mji wa Kale wenyewe ukafungwa, asiingie mtu wala asitoke, na hata lile tembezi la kwenda Forodhani jioni likakatika. Nilipompigia simu nikamuuliza habari za masomo, baada ya kuniamkia alinyamaza kidogo, akasema, "Mjomba, nasoma, lakini nikifunga kitabu sijui nimesoma nini." Dada yangu, aliyekuwa akisikiliza, alimkemea akimwambia aache visingizio. Mimi nilimwomba asimkemee, kwa sababu mtoto yule alikuwa ameutaja ugonjwa wake kwa ufasaha kuliko ambavyo mtaalamu angeutaja.

Ugonjwa huo ni huu: mtu akisoma ukurasa mara moja, kisha akausoma tena, huyazoea maneno, na mazoea yale humdanganya kuwa ni maarifa. Mwaka 2006 wataalamu wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi makala fupi wazisome; baadhi yao wakazirudia kuzisoma, na baadhi wakatakiwa wafunge na waandike walichokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikumbuka zaidi, na imani yao juu ya kujua kwao ilikuwa kubwa. Lakini baada ya juma moja mambo yaligeuka, wakawa wale waliojikumbusha ndio waliobakiwa na mengi zaidi. Darasani mambo haya hutendeka bila ya mtoto kujua: mwalimu huuliza jambo la jana, mkono mmoja hupanda, wengine huhangaika kulitafuta jawabu vichwani mwao hata kama hawakuchaguliwa, na kule kuhangaika ndiko kunakolifunga jambo katika kumbukumbu. Nyumbani hapana anayeuliza. Mtoto husoma, husoma tena, hulala akiwa ameridhika, na Jumatatu hana kitu.

Tulifanya mambo mawili, yote mepesi, nami nayataja kwa kuwa hayakuhitaji pesa wala mtambo. La kwanza ni la wakati. Swala za jamaa zilikuwa zimesimamishwa misikitini, lakini adhana ilikuwa ikisikika kama kawaida, na katika Mji wa Kale hapana nyumba isiyofikiwa na adhana. Basi tukaifanya kuwa kengele. Baada ya Adhuhuri Hisabati, baada ya Alasiri Kiingereza na Sayansi kwa zamu, na kabla ya Magharibi kila kitabu kinafungwa, hata kama hesabu imeachwa nusu. Asubuhi tulimwachia alale, kwa sababu niliyokwisha kuieleza ya maumbile ya umri wake na kwa ajili ya daku, na jambo hili ndilo lililonigharimu mashauriano marefu zaidi na dada yangu, ambaye, kama mama wengi wa pwani, hawezi kumwona kijana kalala jua limechomoza asihisi kuwa malezi yameharibika.

La pili ni la jicho. Bibi yake, ambaye ni mama yangu, hakusoma skuli ya serikali hata siku moja, lakini alisoma chuoni, na vyuo vyetu vya Kurani tangu zamani vina desturi ambayo skuli zingefaa kuiazima, nayo ni kwamba mwanafunzi aliyetangulia humsomesha aliye nyuma yake, na kila mtu husimama mbele ya mwalimu akasoma sabaki yake kwa moyo. Tulimwomba bibi akae barazani kila jioni, mjukuu amweleze kwa Kiswahili, kitabu kikiwa kimefungwa, alilojifunza siku ile. Bibi hakuwa akijua mmea hujitengenezeaje chakula kwa mwanga wa jua, na kutojua kwake kulikuwa na faida kubwa, kwa sababu aliuliza kwa dhati ya moyo wake: "Na usiku je, mjukuu wangu, hushinda njaa?" Mtoto akakosa jawabu, akafungua kitabu kulitafuta. Baadaye binamu yake wa darasa la tano, aliyekuwa akikaa chini ya dari hiyo hiyo, akaingizwa katika baraza ile asomeshwe sehemu na desimali, na mkubwa yule, ambaye aliudhika mno kusomeshwa, hakuudhika kabisa kusomesha. Katika umri ule heshima ni chakula.

Haya yaliwezekana kwetu kwa kuwa palikuwa na baraza, na bibi, na nafasi ya kukaa. Siwezi kuyaandika pasipo kuwataja wale ambao hawakuwa navyo. Shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia watoto lilikadiria mwaka ule kuwa thuluthi mbili ya watoto wa umri wa skuli duniani hawana intaneti nyumbani kwao. Na katika nchi yetu zilirushwa hata baluni, za kampuni iliyoitwa Loon, zikaelea umbali wa kilomita 20 juu ya ardhi ili kuteremsha mtandao katika sehemu za magharibi na za kati, kazi ya ustadi usio kifani, ambayo ilianza rasmi mwezi wa Julai 2020 na kabla ya mwaka kutimia ikawa imekwisha kufungwa. Mtoto asiye na simu hakuweza kuitumia baluni, seuze mtoto ambaye mchana kutwa alikuwa akichota maji au akiuza mboga kwa kuwa kazi ya babaye hotelini imekufa pamoja na utalii.

Na tarehe 7 Julai likaja pigo ambalo sisi walimu hatukuliona kwa ukubwa wake. Waziri wa Elimu, Profesa George Magoha, alitangaza kwamba mwaka wa masomo wa 2020 utahesabiwa kuwa umepotea, skuli zifunguliwe Januari, na mitihani ya mwisho isifanyike mwaka ule. Siha ya watoto ndiyo iliyopewa haki ya kwanza, nami sikuipinga hukumu hiyo. Ila mtihani nao ni kengele, kengele ya mbali inayosikika mwaka mzima, na iliponyamazishwa, nyumba nyingi zilifunga vitabu siku ile ile. Mzee mmoja jirani yetu aliniambia kuwa mwanawe alimjibu, "Baba, serikali imesema mwaka haupo." Miezi mitatu baadaye mpango ukabadilika, darasa la nne, la nane na kidato cha nne wakarudishwa tarehe 12 Oktoba, na wale wa darasa la nane wakatakiwa kukalia mtihani wao Machi 2021, baada ya kulala tangu Julai kwa kuambiwa walale.

Waliorudi Januari walikuta mihula imefupishwa na likizo zimekatwa, ili mwaka uliopotea ufidiwe, na kalenda haikurudi katika hali yake hadi mwaka 2023. Walimu wengi, kwa khofu ya silabasi, waliendelea pale walipoachia Machi kama kwamba miezi tisa ilikuwa ni wikendi ndefu. Wachache, na hao ndio walionifurahisha, waliwapa watoto karatasi tupu juma la kwanza, wakawaambia waandike wanachokikumbuka, kisha wakaanzia hapo. Mpwa wangu aliangukia kwa mmoja wa wachache hao. Aliporudi siku ya pili alikwenda moja kwa moja barazani, bibi yake akamsogezea mkeka, na binamu yake alikuwa amekwisha kuketi na daftari, akingoja Alasiri.