Baisikeli, Buibui na Mto Moiben

Maji hayapandi mlima. Neno hili dogo ndilo linalowafanya watu wa nchi nyingi waendeshe baisikeli kandokando ya mito, maziwa na mifereji wanapotaka kustarehe badala ya kushindana. Mfereji uliochimbwa ili upitishe mashua za mizigo ulilazimika kuwa tambarare, na njia ya ubavuni mwake, ambayo farasi walipita wakiikokota mashua kwa kamba, ikawa tambarare vilevile. Zama za farasi zilipokwisha na mizigo ikahamia kwenye reli na malori, njia zile zilibaki. Leo huko Uingereza na Uholanzi nyanya na mjukuu wake hupita humo taratibu, bila gari la kuwapigia honi wala kilima cha kuwakata pumzi.

Sisi watu wa Mwambao hatuna mifereji ya namna hiyo, wala hatukuwa na nia ya kuitafuta tulipofunga safari Desemba kwenda Eldoret kuwazuru jamaa. Tulikuwa familia nne kutoka Mombasa, watu kumi na saba pamoja na watoto. Mwenyeji wetu, mkwe wa mmoja wetu, ana shamba upande wa Moiben, kaskazini-mashariki ya jiji, na kando ya ghala lake la mahindi zilikuwako baisikeli sita. Siku tano tulizokaa huko zimetupa la kuwaandikia, hasa dada zetu ambao hawajapata kukalia baisikeli maishani mwao.

Ukitoka Eldoret, mji ambao wazee wangali wakiuita Sisibo kwa kuitamka namba 64 ya shamba lililokuwa hapo zamani, unaingia katika nchi pana ya ngano na mahindi. Ni uwanda wa juu, wenye miinuko midogo ambayo jicho huiona kabla mguu haujaihisi. Mto Moiben huanzia vilima vya Cherang'any, ukazuiwa na bwawa la Chebara ambalo maji yake huwafikia wakazi wa Eldoret, kisha ukateremka kuungana na Nzoia na hatimaye kufika Ziwa Viktoria. Mmoja wa watoto aliuliza kama maji yale yangefika Mombasa. Hayafiki. Yataingia Nile na kutokea Misri. Na mvua inayoanguka mashariki ya hapo, ng'ambo ya ukingo wa bonde, huingia mto Kerio na kuishia Ziwa Turkana. Bahari yetu haipati hata tone.

Mfereji wa mashua, basi, hakuna. Ila mifereji ipo, na ni ya ajabu kuliko ile ya Ulaya. Kwenye ukingo wa bonde la Kerio, Wamarakwet wamekuwa kwa karne kadhaa wakichonga na kuitunza mifereji inayoyatoa maji kwenye mito ya milimani na kuyapitisha kandokando ya majabali hadi mashamba ya chini bondeni. Kwa mila kazi hiyo ni ya wanaume. Si mahali pa baisikeli; hata mbuzi hapo hutazama anapokanyaga. Twaitaja kwa sababu msafiri akisikia kwamba kuna mifereji jirani asije akabeba baisikeli yake kwenda kuitafuta njia tambarare. Njia tambarare ziko huku Moiben: barabara za udongo mwekundu kati ya mashamba, na vijia vya ng'ombe vinavyoshuka hadi mtoni.

Mtu wa pwani akifika huko, la kwanza ni pumzi. Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni pungufu kuliko ya kwetu kwa karibu sehemu moja kati ya tano. Siku ya kwanza tulipanda ngazi tukahema kama waliobeba magunia. Tukapumzika siku mbili, tukanywa maji mengi na chai ya maziwa ambayo haiishi katika nyumba za Wakalenjin, ndipo tukazigusa baisikeli. Asubuhi ni baridi ya kuvaa sweta mbili, ilhali saa tano jua huchoma uso hata upepo ukiwa wa baridi. Kipimo cha mwendo wa starehe ni rahisi: ukiweza kuzungumza na mwenzako huku ukikanyaga, unakwenda sawa. Ukikatika maneno, punguza. Kwa mwendo huo mtu hupata kilomita 10 au zaidi kidogo kwa saa, na hakuna anayemfukuza.

Sasa tuje kwa Shangazi, kama tunavyomwita sote. Ana miaka 52 na wajukuu wanne, na ana sukari ambayo daktari amemwambia mara kadhaa aitembeze. Alipokuwa na miaka kumi na mmoja alianza kujifunza baisikeli ya kaka yake katika uchochoro wa nyuma ya nyumba, akakatazwa. Sababu aliyopewa ni ile ambayo wengi wetu tuliisikia kwa kunong'onezwa, kwamba baisikeli humharibu mwanamwali. Kaka yake aliendelea kuendesha. Yeye akakua, akaolewa, akazaa, na kwa miaka arobaini mwendo wake mrefu kuliko yote ukawa kutoka nyumbani hadi sokoni na kurudi.

Sisi si mashekhe, na mwenye swali la fiqhi amwendee mwenye elimu yake. Lakini yale ya uchochoroni hayakuwa fiqhi. Katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud, Bibi Aisha (radhi za Allah ziwe juu yake) anasimulia kwamba alishindana mbio na Mtume, rehema na amani zimshukie, akamshinda. Na baadaye, mwili wake ulipoongezeka, yeye akashindwa. Hizo zilikuwa mbio za miguu, za mume na mkewe, safarini. Huko Saudia kwenyewe, mwaka 2012 ilitoka filamu iitwayo Wadjda, ya bibi Haifaa al-Mansour, juu ya msichana wa Riyadh aliyetamani baisikeli, na mwaka uliofuata zikatoka taarifa kwamba wanawake wameruhusiwa kuendesha kwa burudani katika bustani, wakiwa wamejisitiri na mahramu wao wako pamoja nao. Masharti hayo, tukisema kweli, ndiyo hasa tuliyokuwa nayo Moiben bila kuyapanga: wana na kaka zetu walitangulia wawili mbele, na mmoja akabaki nyuma.

Na nguo? Hili ndilo swali tuliloulizwa na kila mtu, hata na mtoto mmoja wa njiani aliyetukimbilia akasema, "Mama, hiyo nguo haitashikwa na mnyororo?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Jibu lake ni la zamani kuliko wanavyodhani wengi. Baisikeli ya magurudumu mawili sawa na mnyororo wa nyuma, ile ambayo John Kemp Starley aliitengeneza Uingereza mwaka 1885, iliwafikia wanawake wa Ulaya wakati ambapo sketi zao zilifagia ardhi. Mafundi hawakuwaambia wavue. Waliinamisha mtaimbo wa fremu ili mtu asilazimike kurusha mguu juu, wakaufunika mnyororo wote, na wakalitandia gurudumu la nyuma neti ya nyuzi ili pindo lisiingie kwenye njiti. Uholanzi hadi leo utaziona baisikeli za aina hiyo, na fremu yenyewe sisi twaijua: ndiyo tunayoiita baisikeli ya kike.

Kati ya baisikeli sita za mwenyeji wetu, mbili zilikuwa za kike, na moja tu ilikuwa na kifuniko cha mnyororo. Tulifanya hivi. Chini ya buibui tulivaa suruali pana. Mnyororo uko upande wa kulia, kwa hiyo pindo la kulia tulilikunja na kulifunga kwa pini mbili juu kidogo ya kifundo, tukaliacha la kushoto kidogo huru. Mtandio tuliuvaa ule mfupi unaoingia ndani ya kola, kofia ngumu juu yake. Buibui la mabawa mapana liliachwa nyumbani. Upepo wa Moiben hulijaza kama tanga la jahazi, na jahazi lisilo nahodha si jambo la mzaha.

Kumfundisha mtu mzima si sawa na kumfundisha mtoto, kwa sababu mtu mzima anajua kuanguka ni nini. Njia ya kumshika kiti kwa nyuma na kukimbia naye huwafaa wachache. Kinachofaa ni kuanza bila kanyagio. Teremsha kiti hadi nyayo zote mbili zitue chini. Fungua kanyagio kwa spana: la kulia hufunguka kwa kuzungushwa kinyume cha saa kama skrubu nyingine, lakini la kushoto hufunguka kwa kufuata saa, na wasiojua hilo huharibu nyuzi zake. Kisha mwanafunzi akae, ajisukume kwa miguu kama anayetembea, huku macho yake yakitazama mbali na si gurudumu. Hatua zitarefuka zenyewe. Siku atakapoweza kuinua miguu yote miwili na kuhesabu hadi tano kabla ya kuitua, kazi kubwa imekwisha, rudisha kanyagio.

Shangazi alihesabu hadi tano siku ya tatu, baada ya alasiri, kwenye kiwanja cha kukaushia mahindi. Hakupiga kelele. Alisimama, akashika breki, akatuuliza kama kanyagio haziwezi kurudishwa jioni ileile.

Siku ya nne tulikwenda mtoni, kilomita saba kwenda na saba kurudi. Barabara kubwa tuliikwepa, maana Desemba ni wakati wa mavuno na malori ya mahindi hayana subira. Kwenye vijia tuliomba ruhusa kwa kila boma tuliloelekea kupita, nao walitupa njia na wengine wakatutolea maziwa. Salamu yao ni "Chamgei", ukijibu "Chamgei mising" umeshapata ndugu. Tulidhani tungekuwa kioja, wanawake wa buibui juu ya baisikeli. Lakini hii ni nchi jirani na Iten, ambako wakimbiaji hupita barabarani kila alfajiri, na watu wamezoea kuona viumbe wakijichosha bila sababu. Walitutazama kidogo, wakaendelea kupura.

Mtoni tulitandika leso, tukala viazi na tende. Palikuwa na kivuli, na sauti ya maji kwenye mawe ambayo sisi wa pwani hatuijui, kwani maji yetu huja na kurudi. Tuliteka kwa kopo na kutawadha mbali na ukingo, kwa kuwa kuna wanaokunywa chini yetu. Mtu wa Mombasa amezoea kuelekea kaskazini halisi anaposali, maana Makka iko karibu sawasawa kaskazini yetu. Moiben iko magharibi zaidi, hivyo kibla huinama kidogo upande wa mashariki. Vijana wakatoa simu zao kuhakikisha, wazee wakatazama jua. Wakakubaliana.

Kurudi, upepo ulikuwa usoni, na Shangazi alishuka mara tatu akaisukuma. Jioni ile alipima sukari yake, akatuonyesha kile kidude bila kusema neno. Hatutaandika namba hiyo, ni siri yake, wala siku moja si tiba. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa mtu mzima angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki, na mama wa nyumbani akijumlisha anazozipata kwa starehe yake mwenyewe, mbali na kufua na kupika, aghalabu haikamiliki nusu saa. Akina mama wengi wanayapenda mazoezi. Kinachokosekana ni mahali pa kufanyia bila kutazamwa na bila kugongwa.

Hilo dada zetu wa London walilitambua mapema. Katika mtaa wa Waltham Forest, ambao mpaka wake wa magharibi unaandamana na mto Lea, Bi Sarah Javaid alianzisha mwaka 2016 kikundi cha wanawake wa Kiislamu kiitwacho Cycle Sisters, wakiendesha pamoja kwa mwendo wa kila mtu. Sasa kimeenea katika mitaa mingine. Hawakusubiri kuijua baisikeli ndipo waungane; waliungana kwanza.

Huku kwetu barabara za kisiwani Mombasa hazifai kwa anayeanza, kwa matatu na tuktuk zilivyo. Ila viwanja vya madrasa vina ukuta, vina lango, na kuanzia Alhamisi alasiri hadi Ijumaa jioni havina wanafunzi. Tumezungumza na wasimamizi wa kimoja; wameomba wiki mbili za kushauriana. Anayeweza kuendesha tayari hana haja ya kusubiri: baada ya sala ya alfajiri, kabla ya saa moja, barabara za kando ya bahari huwa karibu tupu, na kwenda wanne ni bora kuliko kwenda mmoja.

Shangazi amenunua baisikeli ya mtumba, ya kike, yenye keria. Kifuniko cha mnyororo hakikuwapo. Neti ya gurudumu ameshonewa na mvuvi wa mtaani kwake kwa uzi wa nyavu, tundu za dagaa, na mvuvi amekataa malipo hadi amwone akiipanda.