Kupima selimundu tumboni: ni hiari, si amri

Mtoto wa kwanza ana selimundu. Sasa mama ana mimba ya pili, na mama mkwe anamhimiza kila siku: "Nenda ukapimwe tujue kilichomo tumboni." Je, ni lazima akubali?

Swali hili linazihusu familia nyingi za Busia na Malaba. Selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, umeenea sana sehemu zenye malaria nyingi, kama ukanda wa Ziwa Victoria. Mwaka 1954, mtafiti Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alieleza sababu: anayerithi jeni ya selimundu kwa mzazi mmoja tu haugui ugonjwa huo, na hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali.

Mtoto huugua akiirithi jeni hiyo kwa baba na kwa mama pia. Wazazi wote wawili wakiwa nayo bila kuugua, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuleta mtoto mgonjwa. Basi mama asilaumiwe peke yake. Baba naye apimwe damu, na ni vyema wote wapimwe kabla ya mimba.

Kumpima mtoto tumboni ni jambo jingine. Daktari hutumia sindano kuchota maji ya uzazi kuanzia wiki ya 15, au huchukua kipande kidogo cha kondo kati ya wiki ya 10 na ya 14. Kuna hatari ndogo ya mimba kutoka. Tena kipimo hakitibu. Hutoa jibu tu.

Kwa hivyo mama ajiulize: nikipata jibu, nitalifanyia nini? Wengine hutaka kujua ili wajiandae. Wengine huhofia kushinikizwa watoe mimba. Katiba ya Kenya ya 2010 hairuhusu hilo, ila kwa matibabu ya dharura, maisha au afya ya mama ikiwa hatarini, au sheria nyingine ikiruhusu.

Anayekataa kipimo hajamtupa mtoto wake. Mtoto anaweza kupimwa damu mara akizaliwa. Akigunduliwa mapema, hupewa penisilini hadi afikishe miaka 5, chanjo, kinga ya malaria na, baadaye, haidroksiyurea ya kupunguza vipindi vya maumivu.

Muuguzi na aeleze, jamaa na washauri. Lakini neno la mwisho ni la mwenye mimba.