Mwanachama Namba 17

Chama cha akiba na mikopo kinaandikiwa programu kwa lugha ya Java. Kila mwanachama ana taarifa tano: jina, namba, simu, tarehe ya kujiunga na salio. Kuzitaja, mistari mitano inatosha. Lakini kwa desturi ya Java, kila taarifa huandikiwa njia ya kuisoma na njia ya kuibadilisha. Kisha inakuja equals, inayoamua kama wanachama wawili ni mtu mmoja, na hashCode, inayotoa tarakimu za kumtafutia haraka. Mistari mitano imekwisha kupita 50, na karibu yote inafanana.

Uchovu wa vidole si kitu. Hatari ni kwamba jicho likizoea mistari ya namna moja huacha kuisoma. Tuseme chama kimefungua tawi la pili, na huko namba zimeanza upya. Mwandishi wa programu anaongeza taarifa ya tawi, anasahau kuitia katika equals, ambayo bado inalinganisha namba peke yake. Mwanachama namba 17 wa tawi jipya anaingizwa kwenye seti, yaani mkusanyo usiopokea kitu kilekile mara mbili. Programu inaona namba 17 yumo, inamwacha nje. Hakuna onyo lolote. Mtu na akiba yake wametoweka kwa mstari mmoja uliosahauliwa.

Waholanzi Reinier Zwitserloot na Roel Spilker walianza kutoa maktaba ya Lombok mwaka 2009 kuondoa adha hii. Jina ni la kisiwa cha Indonesia, mashariki ya kile cha Java. Ukiweka alama ya @Data juu ya maelezo ya mwanachama, basi. Kompaila, yaani kitafsiri cha Java, husoma maandishi na kuyapanga kama mti. Lombok hupachika matawi yaliyokosekana kabla mti haujageuzwa kuwa programu. Faili lako linabaki fupi vilevile.

Ila mlango rasmi wa kompaila unaruhusu kuongeza mafaili mapya tu, si kugusa yaliyopo. Lombok hupitia uani. Java 16, ya Machi 2021, ilifunga njia za ndani, na matoleo ya zamani ya Lombok yakakwama. Toleo hilohilo la Java lilithibitisha rekodi, yaani namna fupi ya kutaja taarifa, ambazo kompaila yenyewe huziandikia equals na hashCode. Lakini yaliyomo katika rekodi hayabadilishwi, na salio hubadilika kila siku.

Naipenda sana Lombok, lakini mwanachama simwekei @Data. Alama hiyo hulinganisha taarifa zote, salio likiwemo. Mtu akishaingia kwenye seti, kisha akaweka shilingi 5,000, tarakimu zake za utafutaji zinabadilika, na programu inakwenda kumtafuta mahali asipokuwepo. Maktaba haisahau taarifa hata moja, lakini haijui ni kipi kinachomfanya mtu awe yuleyule. Hilo huambiwa. Kwa chama hiki naiagiza ilinganishe zile tu nilizozitia alama, nazo ni mbili: namba na tawi.