Fahamu: Mbio za Ughaibuni Huanzia kwenye Makaratasi

Mkimbiaji wa kawaida wa Nkoroi, kando ya Barabara ya Magadi, hufanya mazoezi kwenye mwinuko unaozidi mita 1,500, faida ambayo wageni husafiri mbali kuitafuta. Hata hivyo, kinachomkwamisha kwenda Chicago au London si miguu. Zaidi ya watu milioni 1.1 waliomba nafasi ya bahati nasibu ya London Marathon ya 2026, na Mkenya anayebahatika bado anahitaji viza, taarifa za benki na nauli. Kwa hiyo viza ishughulikiwe mara tu nafasi inapopatikana, kabla ya kununua tiketi isiyorejeshewa pesa.

Wapo watakaosema kwamba Wakenya hushinda huko kila mwaka, basi njia iko wazi. Kelvin Kiptum alikimbia Chicago kwa saa 2:00:35 mwaka 2023, lakini bingwa wa kiwango hicho huwa na wakala na mwaliko wa waandaaji. Wengine watasema mwinuko unatosha. Unasaidia, ila hauwezi kurekebisha usingizi: Oktoba, Chicago iko nyuma ya Kenya kwa saa nane, hivyo wiki moja ya kuzoea inafaa kuwekwa kwenye bajeti. Asiyeimudu aanze na Kilimanjaro Marathon ya Moshi. Hapo Mkenya haombi viza, na zile kilomita 42.195 hazipungui hata hatua moja.