Saa 1,800 baada ya zamu

Dada yangu aliniambia nivue soksi. Ilikuwa Jumapili jioni, jikoni kwake, katika mji mmoja wa katikati ya Uingereza, sufuria ya maharage ikitokota nyuma yetu. Mkononi alishika kipande cha nailoni, chembamba kama mshipi wa kuvulia samaki, kimechomekwa kwenye mpini wa plastiki. Akaniambia nifumbe macho na kila nitakapohisi kitu niseme ndiyo. Akanigusa chini ya dole gumba, akausukuma ule uzi mpaka ukapinda kama upinde, akahesabu sekunde moja, akautoa. Ndiyo. Akahamia kwenye unyayo, chini ya kidole cha tatu, kisha cha tano. Alipofika penye sugu alipapita, akanieleza kwamba hapo ngozi ni nene na jibu lake halina maana.

Uzi ule umetengenezwa upinde ukisukumwa kwa nguvu ya gramu 10, si zaidi. Mgonjwa wa kisukari asiyeuhisi ameshaanza kupoteza hisia za miguu. Akikanyaga msumari hatajua. Atatembea nao siku nzima, kidonda kitachimba, na pengine mtu wa kwanza kukiona ni yule atakayesema mguu ukatwe. Ndiyo maana kipimo kinachoonekana kama mchezo wa watoto kinahitaji mkono unaojua unachotafuta.

Mimi sina kisukari. Dada alikuwa anajiandaa kwa mtihani wa vitendo, ule ambao mwanafunzi anapita kituo hadi kituo na kila kituo kina mtahini na saa inayokimbia. Ana miaka 47. Kwa siku nne za wiki ni nesi katika kliniki ya daktari wa familia, mahali ambapo Waswahili wa huko wanapaita "kwa jipii". Siku ya tano ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuugua Uingereza, jipii ni mlango wa kwanza wa matibabu. Kila mkazi anajiandikisha kwenye kliniki ya eneo lake, na huwezi kwenda moja kwa moja kwa daktari bingwa wa hospitali kama si dharura. Lazima upitie hapo. Tangu huduma ya afya ya taifa ilipoanza mwaka 1948, madaktari hawa hawakuwa waajiriwa wa serikali. Wana mkataba nayo, lakini kliniki ni yao, na wanaofanya kazi humo wanaajiriwa nao. Ukitaka kuelewa kwa nini nesi wa kliniki anahangaika kupata siku ya kusoma, shika neno hilo: mwajiri wake si wizara, ni madaktari wawili watatu wenye jengo na bili za kulipa.

Manesi waliingia kwenye kliniki hizi kwa wingi kwa sababu za fedha. Mkataba wa mwaka 1966 ulianza kuwarudishia madaktari asilimia 70 ya mishahara ya wasaidizi wao. Mkataba wa 1990 ukaleta kliniki za kuzuia magonjwa, na nani aziendeshe kama si nesi? Mwaka 2004 serikali ikaanza kulipa kwa matokeo: wagonjwa wangapi wa presha wamedhibitiwa, wangapi wa kisukari wamepimwa miguu, wangapi wa pumu wameonwa ndani ya mwaka. Kazi hiyo yote ikaangukia chumba cha nesi. Leo ndiye anayechanja watoto, anayefunga vidonda, anayechukua kipimo cha shingo ya kizazi kwa wanawake kuanzia miaka 25, anayekaa na mgonjwa wa pumu na kumfundisha namna ya kuvuta dawa ili iingie kwenye mapafu badala ya kuishia kooni.

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, maana ndiyo kiini cha makala haya. Wodini, nesi hayuko peke yake. Mgonjwa akibadilika rangi, kuna mwenzake kitanda cha pili, kuna dada wa zamu, kuna daktari mwishoni mwa korido. Katika chumba cha kliniki mlango unafungwa, wanabaki wawili, na wana dakika 15 au 20. Mama amekuja kufungwa kidonda cha mguu. Wakati bandeji inazungushwa anasema, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa, kwamba siku hizi akipanda ngazi kifua kinambana. Hakuna aliyemtuma nesi kutafuta ugonjwa wa moyo. Lakini maneno yameshatoka, na chumbani hakuna masikio mengine ya kuyasikia. Je, ni uchovu? Je, ni moyo? Amrudishe nyumbani, amwite daktari sasa hivi, au aite gari la wagonjwa? Uamuzi huo ni wa kitabibu, na unafanywa na mtu ambaye mafunzo yake ya awali yalimwandaa zaidi kutekeleza maagizo ya wengine.

Kwa mtu wa namna hiyo, semina ya nusu siku haitoshi. Sheria za Baraza la Wauguzi na Wakunga la Uingereza zinamtaka kila nesi, kila baada ya miaka mitatu, aonyeshe saa 450 za kazi na saa 35 za kujiendeleza. Saa 35 kwa miaka mitatu! Zinatosha kuhuisha unachokijua. Hazitoshi kukufundisha namna mpya ya kufikiri.

Shahada ya uzamili ni jambo jingine. Ina krediti 180, na kila krediti inahesabiwa kuwa saa 10 za kazi: darasani, maktabani, kwa mgonjwa, mbele ya kompyuta. Jumla saa 1,800. Anayesoma huku anafanya kazi huzigawa kwa miaka mitatu au zaidi. Kwa miaka mitatu ni saa 600 kwa mwaka, yaani kama 12 kila wiki. Si lazima afike mwisho. Akiishia krediti 60 anapata cheti cha uzamili, akifika 120 stashahada ya uzamili. Wengi huingia kwa kozi moja tu, ya kisukari au ya magonjwa ya kifua, wakaonja, wakaendelea.

Nilimuuliza dada anajifunza nini hasa kwa saa zote hizo. Akanitolea daftari. Ukurasa mmoja ulikuwa na mchoro wa moyo na mishale ya damu. Uliofuata ulikuwa na maswali ya kumhoji mtu mwenye maumivu ya tumbo, yamepangwa kwa mfuatano, na pembeni ameandika kwa Kiswahili, kwa kalamu nyekundu: "Usimkatize. Mwache amalize." Mwongozo wa England wa mwaka 2017 unaitaka kazi ya ngazi hii isimame juu ya nguzo nne: tiba, uongozi, ufundishaji na utafiti. Ya tiba kila mtu anaielewa. Ya utafiti ndiyo inayowatoa jasho manesi wa umri wake, waliosoma zamani kwa kukariri. Kuchukua makala ya kisayansi na kuuliza wagonjwa walikuwa wangapi, walichaguliwaje, nani alilipia. Kisha kuamua kama yaliyoandikwa mle yanamhusu mama aliyeko mbele yako. Kazi yake ya kwanza ya maandishi ilirudi na alama za chini na maelezo marefu. Alilia, hakunificha. Ya pili akafaulu.

Kisha kuna kozi ya kuandika dawa. Mwaka 1986 kamati iliyoongozwa na Julia Cumberlege ilipendekeza manesi wa jamii waruhusiwe kuandika baadhi ya dawa, kwa sababu ilikuwa upotevu wa muda nesi kuamua kila kitu kisha kumfuata daktari apate saini. Ilichukua miaka 20: ni mwaka 2006 ndipo nesi aliyefuzu aliporuhusiwa kuandika karibu dawa zote ndani ya mipaka ya ujuzi wake. Anayesoma kozi hiyo lazima awe na wasimamizi wenye mamlaka ya kuandika dawa, wa kukaa naye kwa siku kadhaa na kumpima. Kliniki isiyokuwa na mtu wa namna hiyo aliye tayari kutoa muda huo, nesi wake hasomi. Ni hivyo tu.

Dada alikwama hapo. Kliniki yake ya kwanza ilimwambia kwamba haina mtu wa kumsimamia, na kwamba akitaka chuo aende siku za likizo yake. Alikwenda. Mwaka mzima likizo yake iliishia darasani, na usiku alikuwa anaandika mpaka saa nane, asubuhi akaingia kazini kuchanja watoto. Naona hilo ni kosa, na silisemi kwa sababu ni dada yangu. Mgonjwa anayechomwa sindano na mtu aliyelala kwa saa nne tu anabeba sehemu ya gharama ya elimu ile, bila kuulizwa.

Kliniki ya sasa imempa Jumatano. Analipwa kama yuko kazini, na daktari mmoja anakaa naye kila Ijumaa mchana kupitia wagonjwa wa wiki. Tofauti inaonekana usoni kwake. Kwa miaka kadhaa England ilikuwa pia na njia ya uanagenzi wa ngazi ya uzamili, ambapo mfuko wa mafunzo uliochangiwa na waajiri ulilipa ada na mwanafunzi akatengewa muda wa masomo ndani ya saa za kazi. Mei 2025 serikali ikatangaza kwamba kuanzia Januari 2026 fedha za uanagenzi wa ngazi hiyo zitaelekezwa karibu zote kwa vijana wa hadi miaka 21. Nesi wa ngazi ya uzamili mwenye miaka 21 utamtoa wapi? Wanaoanza sasa watatafuta ada kwingine, na wengi wao ni wanawake wenye watoto na mkopo wa nyumba.

Kabla ya kwenda Uingereza, dada alifanya kazi miaka tisa katika zahanati ya kijiji milimani Lushoto, kwetu Tanzania. Chumba kilikuwa na mlango uleule unaofungwa. Kliniki ya mama na mtoto, chanjo, uzazi wa mpango, malaria, presha, vidonda, na usiku kuzalisha kwa mwanga wa tochi. Daktari wa kumuuliza alikuwa hospitali ya wilaya, na mvua ikinyesha barabara haipitiki. Uamuzi aliokuwa anaufanya pale kwa stashahada ulikuwa mzito kuliko huu anaosomea sasa shahada ya uzamili. Anasema akikumbuka baadhi ya usiku ule, anajua leo kitu ambacho angekifanya tofauti. Sikumuuliza zaidi.

Mpango wetu wa afya ya msingi ulioanza mwaka 2007 ulilenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Majengo yamejengwa kweli, na ni jambo la kushukuru. Lakini nesi wa zahanati akitaka kujiendeleza, njia iliyozoeleka ni kuomba ruhusa ya masomo, kuondoka miaka miwili au zaidi, na kuacha kituo kikiwa na mtu mmoja au hakuna. Akirudi na shahada, mara nyingi hapangiwi tena zahanati. Anapelekwa hospitali kubwa. Kwa hiyo kila anayesoma, kijiji kinampoteza mara mbili.

Na wala kusoma ukiwa kazini si ugeni kwetu. Chuo Kikuu cha Aga Khan kilianza mwaka 2001 kufundisha manesi waliokwisha ajiriwa wa Kenya, Uganda na Tanzania, kwa mpango unaowaleta darasani siku chache za wiki na kuwaacha kazini siku zilizobaki. Mwaka 2005 shirika la afya la Amref na Baraza la Wauguzi la Kenya walianza kuwapandisha manesi wa cheti kwenda stashahada kwa kutumia kompyuta, wakilenga manesi zaidi ya elfu 20 ambao hakuna chuo cha bweni ambacho kingewameza wote. Njia tunayo. Ambacho hakijafika zahanati ni ngazi ya juu yake: uzamili wa huduma ya msingi, unaosomwa bila kuhama kijiji, kwa mgonjwa aliyeko kwenye benchi la nje.

Simu zipo, mitandao inafika mbali kuliko barabara, na hospitali za wilaya zina madaktari wanaoweza kukaa na nesi mmoja mchana mmoja kwa wiki. Kinachokosekana ni siku. Wakurugenzi wa halmashauri na waganga wakuu wa wilaya, nawaomba hivi: nesi wa zahanati akileta barua ya chuo, msiishie kumpa ruhusa ya kuondoka, wala msimwambie atumie likizo. Mpeni siku moja ya wiki, andikeni kwenye ratiba ya zamu, na mtafuteni wa kushika chumba siku hiyo.

Dada amebakiza tasnifu, krediti 60, saa 600. Anaandika kuhusu miguu ya wagonjwa wa kisukari.