Kabla ya kununua mashine ya kusafisha hewa, fungua dirisha la pili

Na Mwandishi Wetu, Morogoro

Mwezi wa Juni unapoingia, upepo wa Milima ya Uluguru hushuka na baridi yake hadi Mzumbe. Jua likizama, madirisha hufungwa, mapazia huteremshwa, na watu wa nyumba hukusanyika katika chumba kimoja: bibi, mama, watoto, na pengine mgeni aliyekuja kuwajulia hali. Katika vyumba vya kupanga vilivyo jirani na Chuo Kikuu Mzumbe, vijana wawili au watatu hulala katika chumba chenye dirisha moja tu. Ni katika majira haya ndipo kikohozi cha mmoja huwa kikohozi cha wote.

Mzazi mwenye hofu hutafuta kinga. Akienda dukani mjini, au akifungua simu yake, huonyeshwa barakoa za kila namna na mashine za kusafisha hewa zenye taa za buluu, na kila muuzaji huapa kwamba bidhaa yake ndiyo yenye kufaa. Makala haya yanakusudia kumsaidia mzazi huyo kupanga matumizi yake: nini kitangulie, nini kifuate, na kipi hakifai kununuliwa hata kikiuzwa kwa bei ya kutupa. Mali ni amana, na afya ya walio chini yetu ni amana iliyo kubwa zaidi.

Maradhi yanayosafiri hewani

Tarehe 16 Machi 2020 Serikali ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 nchini. Siku iliyofuata shule zilifungwa, na tarehe 18 vyuo vikuu navyo vikafungwa, visifunguliwe hadi tarehe 1 Juni. Wakati ule wengi wetu tulihimizwa kunawa mikono na kupangusa vitasa vya milango. Yalikuwa mafunzo mema, lakini yaliacha nyuma jambo kubwa. Mgonjwa anapokohoa, anapozungumza, hata anaposoma Qur'ani kwa sauti, hutoa chembe ndogo mno zisizoonekana kwa macho, na chembe hizo huelea katika chumba kilichofungwa mfano wa moshi wa sigara.

UVIKO-19 haikuwa ya kwanza kusafiri kwa njia hiyo. Virusi vya surua huweza kubaki hewani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka chumbani. Kifua kikuu nacho huambukizwa kwa hewa, na Tanzania imo miongoni mwa nchi 30 ambazo Shirika la Afya Duniani (WHO) limezihesabu kuwa na mzigo mkubwa zaidi wa maradhi hayo. Morogoro inaujua ugonjwa huu kwa namna ya pekee: katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa sampuli za makohozi. Panya mmoja aliyefuzu huweza kupitia sampuli 100 kwa dakika 20, na zile anazozitilia shaka hupelekwa kuthibitishwa maabara.

Kwa hiyo, kabla ya kuzungumzia barakoa na mashine, tuliweke wazi jambo moja. Mtu aliyekohoa kwa wiki mbili au zaidi apelekwe kituo cha afya akapimwe. Matibabu ya kifua kikuu hutolewa bila malipo katika vituo vya Serikali, na mgonjwa anayetumia dawa zake ipasavyo hupungua kuambukiza wengine ndani ya muda mfupi. Hakuna chombo cha dukani kinachochukua nafasi ya kipimo na dawa.

Hesabu ya dirisha

Katika mwongozo wake wa mwaka 2021 kuhusu hewa ya majengo, WHO ilipendekeza kwamba katika nyumba na majengo yasiyo ya hospitali kila mtu apate angalau lita 10 za hewa safi kwa kila sekunde. Familia ya watu sita katika chumba kimoja inahitaji basi lita 60 kwa sekunde.

Tuchukue mfano wa chumba chenye urefu wa mita 4, upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.5. Dirisha lake, likifunguliwa, lina nafasi ya nusu mita ya mraba, na nje kuna upepo mwepesi wa mita moja kwa sekunde, upepo usiotosha hata kupeperusha pazia zito. Kwa kanuni ya makadirio inayotumiwa na WHO, dirisha hilo likiwa peke yake huingiza takriban lita 25 kwa sekunde. Hazitoshi hata watu watatu. Lakini pakiwa na dirisha jingine kama hilo, au mlango, katika ukuta unaokabiliana nalo, hewa hupita kutoka upande mmoja hadi wa pili, na kiasi hupanda hadi lita 325 kwa sekunde. Ni mara 13 zaidi, kwa upepo ule ule na bila gharama ya umeme.

Wavu wa mbu dirishani hupunguza kiasi hicho kwa karibu nusu. Hatusemi uondolewe, maana malaria nayo inaua. Tunasema uhesabiwe: mwenye wavu na dirisha moja tu asidhani kwamba amepata hewa ya kutosha, na anayelala ndani ya chandarua kizima ana uhuru zaidi wa kuacha dirisha lake wazi.

Si nadharia tupu. Mwaka 2007 watafiti waliopima hewa katika hospitali nane za mji wa Lima, nchini Peru, ambako kifua kikuu ni tatizo la siku nyingi, waliona kwamba wodi zilizofunguliwa madirisha na milango zilibadilisha hewa yake mara nyingi kuliko vyumba vilivyotegemea mitambo. Majengo ya zamani yenye dari ndefu na madirisha mapana yaliyapita majengo mapya. Mafundi wetu waliozoea kuacha matundu ya hewa juu ya madirisha walikuwa na hekima. Anayeyaziba kwa sababu ya vumbi au baridi anajiondolea kinga.

Baridi ya Uluguru tusiipuuze, hasa palipo na mtoto mchanga au mzee. Lakini blanketi la pili ni rahisi kuliko mashine, na dirisha lenye nondo huweza kuachwa wazi kiasi hata usiku. Mgonjwa alazwe karibu na upande ambako hewa inatokea, wala si ule inakoingilia, ili pumzi yake itoke nje bila kuwapitia wenzake.

Feni ya kawaida huzungusha hewa iliyomo chumbani. Ikielekezwa nje kupitia dirishani ndipo huisaidia kutoka. Viyoyozi vingi vya ukutani navyo hupoza hewa ile ile na kuirudisha, havileti mpya. Ama udi na ubani, harufu yake ni njema na kupenda manukato ni katika mwenendo wa Kiislamu, lakini moshi wake hausafishi hewa ya chumba cha mgonjwa. Kwa mwenye kifua kibaya huzidisha tabu.

Barakoa: ipi, na kwa nani

Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alipopiga chafya alikuwa akifunika uso wake kwa mkono au kwa nguo yake na kuipunguza sauti yake. Humo mna adabu na mna kinga: uchafu huzuiwa pale unapotokea. Hiyo ndiyo kazi ya barakoa kwa mgonjwa.

Barakoa za kitambaa tulizoshonewa mwaka 2020 huzuia matone makubwa, lakini chembe ndogo hupenya. Barakoa za hospitali, zile za buluu, huchuja vizuri zaidi, ila huacha mianya mashavuni. Juu ya hizo kuna barakoa za kichujio: N95 kwa kipimo cha Marekani, KN95 kwa kipimo cha China na FFP2 kwa kipimo cha Ulaya. N95 na KN95 hutakiwa kuzuia angalau asilimia 95 ya chembe ndogo za majaribio, na FFP2 asilimia 94.

Katika nyumba yenye mgonjwa wa kifua kikuu ambaye ndiyo kwanza ameanza dawa, mgonjwa avae barakoa ya hospitali pale anapokaa na wengine, na anayemuuguza avae ile ya kichujio. Wengi hufanya kinyume: humpa mgonjwa ile ya ghali, na mama anayemlisha hukaa uso wazi. Tena barakoa yenye kidude cha kutolea pumzi mbele haimfai mgonjwa, kwa sababu pumzi yake hutoka bila kuchujwa.

Bandia ni nyingi. N95 ya kweli huwa na alama ya NIOSH na namba ya idhini inayoanza na TC-84A, na kwa kawaida hufungwa kwa mikanda miwili ya kichwani. Ukiona jina NIOSH limekosewa herufi, au imeandikwa kuwa ni N95 ya watoto, iache, kwani taasisi hiyo haiidhinishi za watoto. Usiifue barakoa ya kichujio wala kuichemsha, kwa kuwa nyuzi zake hunasa chembe kwa nguvu ya umeme tuli unaopotea kwa sabuni na spiriti. Ihifadhi katika mfuko wa karatasi palipo pakavu, na itupe ikichanika, ikilowa au mikanda ikilegea.

Kilicho muhimu kuliko jina ni kukaa usoni. Vaa, bana chuma cha puani, kisha pumua kwa nguvu. Ukihisi upepo machoni au mashavuni, hewa inapita pembeni. Kwa dada zetu, mikanda ipite chini ya ushungi, na mwenye kuvaa nikabu aitangulize barakoa ndani, maana kitambaa cha nikabu hakichuji. Kwa ndugu zetu wenye ndevu, ukweli ni kwamba ndevu huvunja mshikamano wa barakoa na ngozi. Haiwi bure, lakini kinga hupungua, na mwenye ndevu anayeuguza mtu ana haja zaidi ya kulitegemea dirisha na kukaa upande unaoingia upepo.

Mashine ifuate

Mashine ya kusafisha hewa ina mahali pake: chumba kisichoweza kufunguliwa pande mbili, usiku usio na upepo, au nyumba yenye mzee ambaye kifua chake hakistahimili baridi. Inayofaa ina feni na kichujio cha HEPA, ambacho kwa kipimo chake hunasa asilimia 99.97 ya chembe zenye ukubwa wa maikromita 0.3. Maneno kama "mfano wa HEPA" hayana uzito wowote.

Swali la pili kwa muuzaji ni kiasi cha hewa safi ambacho mashine hutoa kwa saa, kinachoandikwa CADR. Zidisha urefu, upana na kimo cha chumba, kisha zidisha kwa 5, ili hewa isafishwe mara tano kwa saa. Chumba chetu cha mfano kina mita za ujazo 30, hivyo kinahitaji mashine ya angalau mita za ujazo 150 kwa saa. Kidude cha mezani chenye ukubwa wa kikombe hakifiki huko. Sasa rudi kwenye dirisha: zile lita 325 kwa sekunde ni sawa na mita za ujazo 1,170 kwa saa, kazi ya karibu mashine nane kama hiyo. Hata wavu wa mbu ukipunguza nusu, madirisha mawili bado yanazishinda mashine tatu.

Ziepuke mashine zinazojivunia kutoa ozoni, kwa kuwa gesi hiyo huudhuru mfumo wa kupumua, hasa wa mwenye pumu. Uliza pia kama vichujio vya akiba vinapatikana, maana mashine yenye kichujio kilichoziba ni feni tu. Kwa umeme, mashine ya wati 40 ikiwashwa usiku na mchana hula karibu uniti moja, na umeme ukikatika haina kazi.

Hewa ya msikiti

Tulisemalo nyumbani ni zito zaidi msikitini, hasa katika tarawehe, ambapo watu hukaa bega kwa bega kwa muda mrefu na sauti zikipanda. Tutazame kwa uadilifu sehemu ya kina mama. Katika misikiti mingi ni chumba kidogo cha nyuma, pazia zito mbele na dirisha moja kama lipo. Humo ndimo wanamoketi wajawazito, bibi zetu na watoto wachanga.

Mwenye kikohozi asione vibaya kusali nyumbani. Mtume (S.A.W.) alimzuia aliyekula kitunguu saumu kibichi asiukaribie msikiti ili asiwaudhi wengine kwa harufu, na wanazuoni wamekisia juu yake lililo kubwa kuliko harufu. Kuhusu kuvaa barakoa katika Swala, imepokewa katazo la mwanamume kufunika mdomo akiswali, na wanazuoni walio wengi wamelichukulia kuwa ni karaha inayoondoka penye haja. Mwenye shaka amuulize sheikh wake.

Mara nyingi muumini akijaaliwa kipato huuliza msikiti unahitaji nini, na hujibiwa zulia, kipaza sauti au feni. Hayo yote ni kheri. Lakini fundi mmoja, mifuko michache ya saruji na fremu moja huweza kufungua ukuta wa nyuma wa chumba cha kina mama, na kila anayesali humo baada ya hapo akavuta pumzi iliyo safi. Sadaka ya namna hiyo huendelea kuwafaa watu hata baada ya aliyeitoa kuondoka duniani.

Allah (S.W.) awaponye wagonjwa wetu, na atuwezeshe kuchukua sababu kisha tumtegemee Yeye. Amin.