Umeme wa jua: Piga hesabu kabla ya kununua betri

MKAZI wa Tunduma, mkoani Songwe, anayetaka kujifungia umeme wa jua hana budi kuanza na hesabu kabla ya kwenda dukani.

Taa 4 za wati 5 zikiwaka saa 5 hutumia wati-saa 100, televisheni ya wati 40 kwa saa 4, wati-saa 160, simu, 20. Jumla 280.

Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200, lakini ikizoea kutumiwa zaidi ya nusu hufa mapema. Nusu hiyo hutosha siku 2 za mawingu ya masika. Betri ya gari, inayokimbiliwa kwa urahisi wa bei, haikuundwa kwa kazi hiyo.

Paneli ya wati 100 ikipata saa 4 za jua kali hutoa 400. Robo ikipotea njiani, hubaki 300. Iinamishwe kuelekea kaskazini, kwani Tunduma iko kusini mwa Ikweta.